Maswali mnayoniuliza sana kuhusu Adam Goodes, jezi namba 37 wa Sydney Swans

Kila nikimtaja huyu mtu kwa ndugu na marafiki wa nyumbani naulizwa yaleyale: ye ni nani, huo ni mchezo gani, alimkosea nani mpaka wakamzomea vile. Niko Melbourne miaka mingi sasa, na kazini kwangu kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tisa hakuna stori nyingine zaidi ya futi, kwa hiyo nimeyakusanya maswali yote nimeyajibu hapa. Mengine majibu yake mafupi, mengine itabidi uvumilie kidogo maana yana historia ndefu.

Kwanza huo mchezo ni upi? Ni soka au raga?

Sio soka sio raga. Ni futiboli ya Kiaustralia, wenyewe wanafupisha tu wanasema futi, na ligi kubwa inaitwa AFL. Uwanja una umbo la yai, mara nyingi ni uleule wa kriketi, na ni mkubwa kuliko wa soka kwa mbali sana. Kila timu inaingiza watu 18. Mpira umechongoka kama wa raga. Kila upande zimesimama nguzo nne, hakuna mwamba wa juu, hakuna wavu wala kipa, ukiupiga kwa mguu ukapita katikati ya zile mbili ndefu ni goli na unapata pointi 6, ukipita kati ya ndefu na fupi unapata pointi 1 tu.

Kurusha mpira kwa mkono ni kosa, unaushika kwa kiganja kimoja afu unaugonga kwa ngumi ya mkono wa pili, au unapiga teke basi. Na ukidaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka mita 15 au zaidi kabla haujagusa chini, wa kwenu au wa wapinzani, refa anapuliza filimbi na unapewa nafasi upige bila kusumbuliwa. Ndo maana unaona watu wanapandiana mabegani hewani. Robo ni nne za dakika 20, ila saa inasimama mpira ukifa, kwa hiyo robo moja inaweza kufika dakika 30, na jamaa wanakimbia muda wote huo.

Goodes kazaliwa wapi, na kwao ni wapi hasa?

Kazaliwa tarehe 8 Januari 1980 Wallaroo, mji mdogo wa pwani kule jimbo la South Australia. Baba yake Mzungu, mama yake Mwaborijini wa Adnyamathanha na Narungga. Ukisikia Waaborijini usidhani ni kabila moja, ni mataifa mengi yenye lugha zao na ardhi zao, Adnyamathanha ni watu wa milima ya Flinders na Narungga ni watu wa rasi ya Yorke, ambako ndiko Wallaroo iliko.

Wazazi waliachana yeye akiwa na miaka minne hivi. Mama akabaki na watoto watatu wa kiume, wakawa watu wa kuhamahama, Adelaide, baadaye Merbein karibu na Mildura, baadaye Horsham, hiyo miwili ya mwisho ni miji ya mashambani jimbo la Victoria. Utotoni alicheza soka, futi yenyewe aliingia alipohamia Merbein.

Kuna kitu kuhusu mama yake lazima ukijue, la sivyo mengine yote hutayaelewa. Huyu mama alichukuliwa kwa nguvu kutoka kwa familia yake akiwa na miaka mitano. Hakuwa peke yake. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, mpaka miaka ya 1970, serikali na taasisi za makanisa walikuwa wanawachukua watoto wa Kiaborijini wanawapeleka kwenye vituo au kwa familia za Wazungu wakalelewe huko wasahau kwao. Wanaitwa Kizazi Kilichoibwa. Bunge la Australia liliomba radhi rasmi 13 Februari 2008, Waziri Mkuu Kevin Rudd ndo aliyesoma. Sasa piga hesabu, mwaka huo Goodes alikuwa na miaka 28, tayari staa wa nchi nzima, na mama yake ndo kwanza anasikia neno samahani kutoka serikali ya taifa.

Alifikaje Sydney?

Kwa drafti. Huku kijana hasajiliwi na timu anayoitaka, mwisho wa mwaka timu zinapokezana kuchagua vijana, iliyofanya vibaya inaanza. Goodes alikuwa anachezea timu ya vijana ya North Ballarat Rebels, na kwenye drafti ya 1997 Sydney Swans wakamchukua kwenye chaguo la 43. Maana yake timu zote zilishampita, nyingine zaidi ya mara mbili. Kijana wa miaka 17 akafunga begi akaenda Sydney, jiji ambalo kwa kawaida linapenda raga. Hata Swans wenyewe ni wageni pale, zamani walikuwa South Melbourne, walihamia Sydney 1982.

1998 hakucheza mechi hata moja ya timu kubwa. 1999 akaanza, na mwaka huohuo akabeba tuzo ya chipukizi bora wa ligi nzima.

Alikuwa anacheza namba gani?

Hili swali linanipa shida maana jibu la kweli ni namba zote. Ni mrefu, zaidi ya sentimita 190, kwa hiyo makocha walimtumia kama mtu wa kuruka pale refa anaporusha mpira katikati kuanzisha mchezo. Lakini alikuwa na mbio za mtu mfupi na pumzi ya mkimbiaji, kwa hiyo alicheza kiungo, alicheza mbele akafunga, na ikibidi anarudi nyuma anazuia. Timu nyingine zilikuwa hazijui zimpe nani amkabe. Ukimpa mrefu mwenzake anamkimbia, ukimpa mwenye mbio anamrukia juu ya kichwa.

Tatizo la kiungo wengi warefu ni mpira ukiwa chini kwenye nyasi, kuinama kunawachukua muda. Goodes alikuwa anauokota huku anakimbia bila kupunguza mwendo, mkono mmoja, kama mtu anayeokota chenji iliyoanguka mlangoni mwa daladala na daladala inaondoka. Halafu hatua tatu nne, mguu wa kulia, mpira umeshaenda mita 50.

Alishinda nini na nini?

Mechi 372, magoli 464, zote Sydney Swans, hakuwahi kuhama. Alipostaafu hakuna mchezaji wa Swans aliyekuwa amefika idadi hiyo ya mechi.

Medali ya Brownlow alichukua mara mbili, 2003 na 2006. Hiyo ndo tuzo kubwa ya mchezaji mmoja mmoja, na naipenda kwa sababu wapiga kura ni marefa wenyewe, kila baada ya mechi wanatoa kura 3, 2 na 1 kwa waliocheza vizuri zaidi, na mchezaji aliyefungiwa kwa utovu wa nidhamu msimu huo hawezi kushinda hata akiongoza. Mwaka 2003 waligawana watatu, yeye, Nathan Buckley na Mark Ricciuto, kila mmoja kura 22. Mwaka 2006 alichukua peke yake kwa kura 26. Kikosi bora cha ligi aliingia mara nne. Alikuwa kepteni mwenza kuanzia 2009 mpaka 2012, na miaka mitatu mfululizo, 2009, 2010 na 2011, ndiye aliyeongoza kwa magoli klabuni. Mwaka 2005 walipotaja kikosi cha karne cha wachezaji Waaborijini, yumo, na alikuwa na miaka 25.

Ubingwa wa ligi mara mbili. Wa kwanza 2005, Swans 58, West Coast Eagles 54, tofauti ya pointi 4, na sekunde za mwisho Leo Barry, beki wa Swans, anaruka kwenye kundi la watu anaudaka mpira ambao ungeanguka vibaya ilikuwa kilio. Klabu ilikuwa haijachukua ubingwa kwa miaka 72, kuanzia 1933, yani kuna wazee walizaliwa wakazeeka wakisubiri. Mwaka uliofuata zikakutana timu zilezile kwenye fainali, Swans wakafungwa kwa pointi 1. Moja! Wa pili ni 2012 dhidi ya Hawthorn, huo nitaurudia chini.

Mbona mtu kama huyo alizomewa? Alifanya nini?

Hapa ndo kila mtu anapotaka kufika, basi tuende taratibu.

Tarehe 24 Mei 2013, ijumaa usiku, uwanja wa MCG hapa Melbourne, Swans na Collingwood. Ilikuwa raundi maalum ya kuwaenzi wachezaji Waaborijini, na mwaka huo ilikuwa imetimia miaka 20 toka Nicky Winmar wa St Kilda avute jezi yake juu mbele ya mashabiki wa Collingwood waliokuwa wanamtukana, akaonyesha ngozi ya tumbo lake kwa kidole, mweusi na najivunia. Goodes usiku ule alicheza vizuri sana, Swans wanaongoza kwa mbali, dakika zinaisha. Yuko karibu na mstari, anakimbia, nyuma yake anasikia sauti kutoka jukwaani inamwita sokwe.

Akasimama. Ukiangalia ile video, mchezo unaendelea na yeye kasimama, anageuka, mkono umenyooka, kidole kimoja, anamwonyesha mlinzi wa uwanjani aliyesema ni yule pale. Halafu anavua kile kinga cha mdomoni na anaondoka uwanjani, hakusubiri hata kushangilia ushindi na wenzake. Aliyesema alikuwa msichana wa miaka 13.

Kwa hiyo alimdhalilisha mtoto?

Hilo ndo wanalolishika mpaka leo, na mimi nalikataa kabisa. Alipogeuka hakujua umri wake, alisikia neno akaonyesha lilikotoka. Na asubuhi yake mbele ya waandishi alisema imemuumiza sana ila binti asilaumiwe, akaomba watu wamsaidie, kwamba mtoto wa miaka 13 hajalitunga lile neno, amelisikia mahali. Binti akampigia simu akaomba radhi. Kama mkubwa aliyetukanwa akafanya hivyo ndo amedhalilisha mtoto basi sijui heshima ni ipi.

Kilichonikera mimi ni watu wazima. Siku tano baadaye Eddie McGuire, rais wa Collingwood, ambaye usiku ule ndo alishuka chumba cha kubadilishia nguo kuomba radhi, alikuwa redioni akaunganisha jina la Goodes na tangazo la onyesho la King Kong, yule sokwe mkubwa wa sinema. Mtu mzima huyo, kiongozi wa klabu.

Na ile ngoma ya mkuki?

2014 mwezi wa kwanza Goodes akatangazwa Mwaustralia wa Mwaka. Akawa anaongea waziwazi kuhusu ubaguzi na historia ya nchi, kwamba 26 Januari, Siku ya Australia, ambayo wengine wanasherehekea, kwa watu wake ni siku ya majonzi. Hapo ndo uzomeaji ulipokua. Wengine walisema wanamzomea kwa sababu anajiangusha apate faulo. Sawa, wapo wachezaji kibao wanajiangusha, mbona hawazomewi mwaka mzima nchi nzima?

29 Mei 2015, mechi na Carlton pale Sydney, tena ilikuwa raundi ya Waaborijini, akafunga goli akacheza hatua chache za ngoma ya vita kuelekea mashabiki wa Carlton, mwisho akafanya kama anarusha mkuki. Hakukuwa na mkuki, ni mkono mtupu. Ngoma yenyewe alifundishwa na vijana wa timu ya Flying Boomerangs, watoto wa Kiaborijini chini ya miaka 16. Wapo waliosema waliogopa. Wamakonde wakicheza sindimba huoni mtu anapiga simu polisi, ngoma ni ngoma, na timu ya raga ya New Zealand inacheza haka kabla ya kila mechi watu wanalipa viingilio kuiona.

Baada ya hapo kila akigusa mpira ni kelele. 26 Julai 2015 walikuwa Perth na West Coast, mimi niliangalia kwenye TV kwa rafiki yangu. Nilichokiona ni hiki: mpira unaenda kwake, uuuuuu, anaupiga, kimya. Unarudi, uuuuuu, anautoa, kimya. Kama mtu anafungua na kufunga bomba. Mwenzake Lewis Jetta, naye Mwaborijini, alipofunga akacheza ileile ngoma kuelekea mashabiki, kumwambia kaka hauko peke yako. Kwa rafiki yangu hakuna aliyeongea mpaka mechi inaisha.

Goodes akaomba mapumziko. Wiki iliyofuata Swans walicheza na Adelaide bila yeye, na dakika ya 7 ya robo ya 3 uwanja mzima ulisimama kupiga makofi, robo ya 3 dakika ya 7, namba 37. Richmond nao wikiendi hiyo walivaa jezi yao ya Waaborijini kumuunga mkono. Akarudi akamaliza msimu. Mechi ya mwisho ni Septemba 2015, walifungwa na North Melbourne kwenye mtoano, akastaafu. Kuna utaratibu siku ya fainali kuu mastaa waliostaafu wanazungushwa uwanjani kuagwa na mashabiki. Hakwenda.

AFL walifanya nini wakati huo wote?

Kidogo mno na kwa kuchelewa. Juni 2019, miaka minne imepita, ndo ligi na klabu zote 18 zikatoa tamko la kuomba radhi bila masharti, wakakubali kwamba ule ulikuwa ubaguzi wa rangi na kwamba hawakusimama naye. Mwaka huohuo zilitoka filamu mbili kuhusu miaka yake ya mwisho, na moja haina hata mahojiano mapya, ni picha na sauti za wakati ule tu zimepangwa, na inatosha kukukosesha usingizi.

Ni kweli alikataa kuingizwa kwenye Jumba la Magwiji, ile orodha ya heshima ya mastaa wa futi?

Kweli. Mchezaji anasubiri miaka mitano baada ya kustaafu, na kwa rekodi zake alikuwa anaingia bila mjadala. 2021 ligi ikatangaza kwamba amekataa. Watu wengine walimwona ana kinyongo. Mimi nasema heshima mtu hapewi kwa lazima, na yeye ndo anajua alichokibeba.

Kuna watu wa kwetu kwenye huo mchezo?

Wapo, na hili nalipenda. Mwisho wa 2013 Swans walimchukua kijana anaitwa Aliir Aliir, chaguo la 44. Goodes alikuwa 43, kumbuka. Aliir wazazi wake ni wa Sudan Kusini, yeye kazaliwa 1994 kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, Kenya, akaletwa Australia akiwa mdogo. Misimu miwili ya mwisho ya Goodes walikuwa klabu moja. Mechi yake ya kwanza aliicheza 2016, kwa hiyo hawakuwahi kuvaa jezi ya timu kubwa siku moja. Baadaye akahamia Port Adelaide, na 2021 akaingia kikosi bora cha ligi, beki wa kudaka hewani. Kabla yake alikuwepo Majak Daw, aliyezaliwa Khartoum, mzaliwa wa Sudan wa kwanza kucheza AFL, alianza 2013.

Na alikuwepo Héritier Lumumba, damu ya Kongo na Brazil, beki wa Collingwood aliyekuwa bingwa 2010. McGuire aliposema yale ya King Kong, Lumumba alimpinga hadharani wakati yeye ni mchezaji wa klabu hiyohiyo. Lilimgharimu sana. Februari 2021 ripoti huru ikasema Collingwood kulikuwa na ubaguzi wa kimfumo, na siku chache baadaye McGuire akaachia urais.

Siku hizi anafanya nini?

Yuko kimya kiasi, hapendi kamera. Toka 2009 yeye na Michael O'Loughlin, mwenzake wa Swans, wana taasisi yao ya GO, inalipia masomo watoto wa Kiaborijini. Jina ni herufi za mwanzo za majina yao. Ameshiriki pia kuandika vitabu vya watoto kuhusu ardhi na watu wa kwao.

Mimi sijawahi kuangalia futi, nianze na mechi gani?

Usianze na zile video za kuzomewa, tafadhali. Anza na fainali kuu ya 2012, Swans na Hawthorn, MCG, karibu watu 100,000. Katikati ya mechi Goodes anaumia goti, ligamenti ya nyuma imechanika, anatoka, unadhani basi. Anarudi. Ana miaka 32, anachechemea, ukimwangalia mguu unaona anavyoukanyaga kwa tahadhari kama mtu anayepita kwenye tope, hawezi tena kukimbia na vijana kwa hiyo anasimama karibu na goli. Robo ya mwisho mchezo uko sawa, huyu anaongoza, yule anarudisha, na mpira unamfikia yeye huyohuyo mwenye mguu mbovu na anafunga. Ikaisha 91 kwa 81. Subiri mpaka kipenga cha mwisho, usizime, mwangalie anavyowatafuta wenzake mmoja mmoja huku anachechemea.